Fatiha Mbili kwa Nyumba Moja

Mkono wa Hanash ulikuwa kooni mwangu na kisogo changu kilikuwa kikigonga ukuta wa ngazi za nyumba yetu. Hapo ndipo nilipowaacha Jumatano iliyopita, na baadhi yenu mmeandika kuuliza kama bado niko hai. Niko hai. Ningefurahi kama hiyo ndiyo ingekuwa habari kubwa ya leo.

Kwa aliyechelewa: naitwa Wagdi, mhitimu wa sheria asiye na kazi, mwenyeji wa Dumyat, huku Misri. Marehemu baba alituachia nyumba ya ghorofa tatu, mimi, mama na kaka yangu Tulba. Chini ni karakana ya Tulba, fundi wa vitanda na makabati. Tuliamua kuiuza tununue fleti mbili ndogo, moja ya mama na mimi, moja ya Tulba. Bila fleti, Tulba haoi. Amemchumbia Sabah kwa miaka sita, na baba yake Sabah amechoka kungoja. Ametoa muda hadi Idi. Idi ikipita bila ufunguo mkononi, Sabah anaolewa na binamu yake.

Mimi ndiye niliyesema tusipitie kwa dalali. Mimi ndiye niliyepanda ngazi na kopo la rangi nyekundu nikaandika ukutani: NYUMBA INAUZWA NA WENYEWE. MADALALI WASIJE.

Dalali wa mtaa wetu ni Haji Shahata. Kwa miaka thelathini hakuna mlango uliouzwa pale bila yeye kula kwa muuzaji, kisha akale kwa mnunuzi. Hanash ni mpwa wake. Haji anaongea, Hanash anapiga.

Msomaji mmoja ameniuliza kwa nini tusingempa Haji chake yakaisha. Mama aliniuliza hivyo hivyo. Niliamini kwamba mtu ambaye hakubeba hata tofali moja hana haki ya kula ukuta wa baba yangu. Naamini hivyo mpaka leo. Lakini imani yangu imemwaga damu, na sehemu kubwa ya damu hiyo si yangu.

Turudi ngazini.

"Soma," Hanash aliniambia.

"Nisome nini?"

"Ulichoandika nje. Soma kwa sauti, msomi. Mi shule ilinishinda."

"Nyumba inauzwa na..."

Kofi.

"Endelea, mbona unakwama?"

"Na wenyewe."

Kofi la pili, la upande wa pili.

"Mada... madalali..."

Hapo alicheka, kisha akanipiga goti la tumbo. Nilikaa chini bila kupenda.

"Kesho ukuta huo uwe mweupe," alisema akinifuta damu mdomoni kwa shati langu mwenyewe, taratibu, kama mama anayemfuta mtoto. "Shahada yako kafungie bajia za taamia."

Alipokuwa anashuka alipishana na mzee mmoja aliyekuwa anapanda, mwembamba, koti limepigwa pasi, fimbo mkononi. Mzee alimsalimu. Hanash hakuitikia. Mzee akafika kwangu, akaniangalia kwa juu.

"Nyumba inayouzwa na wenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo, ami."

"Na wewe ndiye mwenyewe?"

Niliangalia damu kiganjani. "Kwa sasa, ndiyo."

"Haya, inuka. Nioneshe maji kwanza. Nyumba huangaliwa maji kabla ya rangi."

Ndivyo nilivyokutana na Ami Bayumi, dereva mstaafu wa treni. Binti yake alikuwa amefiwa na mume, amerudi kwa baba na watoto wanne, na fleti yao ilikuwa imewabana hadi wanalala kwa zamu.

Aligonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole. Alifungua kila bomba. Alilala chali sakafuni jikoni ili aangalie dari.

"Hapa ngazini pana nini? Unyevu?"

"Ni damu yangu, ami. Ya sasa hivi."

"Ah, afadhali. Damu inatoka kwa sabuni."

Sikumficha kitu. Nilimwambia ufa wa jikoni. Nilimwambia pampu inayokohoa asubuhi. Nikamwambia habari za Haji Shahata, na yule kijana aliyepishana naye ni nani.

"Niliendesha treni miaka thelathini na moja," alisema akijipangusa vumbi. "Kila siku kuna mtu kasimama relini akidhani treni itamwogopa. Taja bei."

Nilitaja. Akapunguza. Nikaomba. Akapandisha kidogo. Ilitosha fleti mbili na sherehe ya Tulba, na sikuwa na nguvu ya kutaka zaidi.

"Karatasi tutaandika wiki ijayo kwa wakili," alisema. "Leo tusome Fatiha."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa langu liko hapa, wala si kwenye rangi nyekundu.

Kwetu, Fatiha ikishasomwa juu ya nyumba, au juu ya binti, mkataba unabaki kazi ya karani. Mtu anaweza kukana sahihi yake na bado akanunuliwa chai mtaani. Akikana Fatiha, hata muuza mkate hamtazami usoni.

Nilijua hivyo. Kwa hiyo nilitaka Fatiha yetu isomwe mbele ya watu, isiweze kuvunjwa. Nilimchukua Ami Bayumi hadi mgahawani baada ya sala ya alasiri, nikasimama katikati ya meza, nikatangaza: nyumba ya marehemu Abdulghaffar imeuzwa kwa huyu bwana, njooni mshuhudie.

Domino zilinyamaza. Tulinyanyua viganja. Wazee nao wakanyanyua.

Kwenye meza ya kona Haji Shahata aliweka chini bomba la shisha, akanyanyua viganja vyake vinene, akasoma pamoja nasi hadi mwisho. Akajipangusa uso.

"Mungu abariki," alisema kwa sauti tamu. "Na Tulba yuko wapi?"

"Karakana, Haji. Ana kazi."

"Ana kazi." Aliwageukia wazee. "Jamani, mimi nimezeeka, nikumbusheni. Tangu lini mdogo anasoma Fatiha ya nyumba ya baba, na mkubwa yu hai, yuko hatua mia moja, anapiga randa?"

Mzee mmoja alitazama chai yake.

Wasomaji wangu, naapa halikunijia kichwani. Nilikuwa nimefurahi. Nilitaka Tulba nimpelekee habari iliyokwisha kuiva, kama mtu anavyopeleka zawadi. Sikujua kwamba nilikuwa nimemzika mbele ya mtaa mzima.

Nilimsindikiza Ami Bayumi hadi kituo cha mabasi, nikanunua kilo moja ya mishabaki, ile halua yetu inayodondosha asali, nikarudi nyumbani nikiimba.

Tulba alinipokea mlangoni kwa ngumi.

Halua iliruka upande wake, mimi upande wangu. Alinikalia kifuani, mikono yake imejaa vumbi la mbao, akanipiga bila kusema neno. Mama alikuwa anamvuta shati kwa nyuma.

"Tulba! Unamuua mdogo wako!"

"Mdogo wangu? Nani mdogo? Huyu ndiye mkubwa! Huyu ndiye mwenye nyumba! Mimi nani? Mimi nachonga vitanda vya watu!"

"Kaka, nimeuza! Bei nzuri! Sabah..."

"Usimtaje Sabah!"

Alisimama. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona Tulba akilia, hata siku ya kumzika baba.

"Haji alikuja karakana," alisema. "Amekuja na wazee watano. Na baba yake Sabah wamemshika mkono, wamemleta. Haji anauliza mbele yao: 'Tulba, wewe ni mwanamume au ni mpangaji kwa mdogo wako?' Baba yake Sabah ananiangalia. Ningesema nini, Wagdi? Wewe msomi, niambie. Ningesema nini?"

"Umefanya nini, kaka?"

"Nimesoma Fatiha."

"Na nani?"

"Na Haji. Nyumba anaichukua mkandarasi wake. Watabomoa, wanyanyue ghorofa kumi na mbili."

"Bei gani?"

Aliitaja. Haikutosha hata fleti moja.

"Lakini mimi nimeshasoma!" nilipiga kelele. "Na kisheria Fatiha si kitu, ya kwako wala ya kwangu. Mpaka tusaini sote watatu..."

"Mtaa huu hausomi mikataba, Wagdi. Unasoma Fatiha. Na ya mkubwa inafuta ya mdogo."

Mama alikuwa ameketi sakafuni anaokota vipande vya halua, anavirudisha kwenye mfuko kimoja kimoja. "Fatiha mbili kwa nyumba moja," alisema. "Hapa lazima mtu atavunjika."

Nilimpigia simu Ami Bayumi nikiwa na pua iliyovimba, nikamwambia yote. Nilimwambia arudi nyuma, hatutamlaumu.

"Mimi nilisoma na wewe," alisema. "Kesho asubuhi nakuja kukaa nyumbani kwangu."

Alikuja kweli. Saa mbili asubuhi alikuwa kizingitini petu, kwenye mlango wa karakana, amekalia kiti alichokuja nacho kwenye teksi, fimbo magotini. Mimi nilikuwa karakana nikimsaidia Tulba kupanga mbao. Hatusemezani. Mama alikuwa ngazini na sinia la chai.

Wakafika. Haji Shahata mbele, mkandarasi na futi yake ya kupimia, Hanash, na vijana wawili.

"Mzee, umepotea?" Hanash alimuuliza.

"Hapana. Nimekaa."

"Umekaa mlangoni pa watu."

"Pangu. Zimebaki karatasi tu."

Haji aliinama kwa adabu. "Bwana Bayumi, wewe mtu mzima mwenzangu, tusichekeshe watoto. Fatiha ya mdogo haishiki."

"Fatiha ina ya mdogo na ya mkubwa, Haji? Mimi nilifundishwa ni aya saba zilezile."

Mmoja wa wale vijana alicheka, akajizuia. Hicho kicheko ndicho kilichoharibu siku. Hanash alipiga teke mguu wa kiti.

Mzee alianguka kwa ndani, juu ya mkono wake. Tulisikia mfupa. Ulilia kama ufito mkavu. Kabla hajapumua, Hanash alimkanyaga mkono uleule.

"Toka! Unatoka au hutoki?"

"Sitoki," Ami Bayumi alisema, uso umeshakuwa wa kijivu.

Tulba aliweka randa chini.

"Tulba," Haji alimwita akiwa nje, "mwambie mgeni wenu aende zake. Wewe ni mtu wa neno lako."

Kaka yangu alimwangalia mzee sakafuni. Alimwangalia Haji. Nilijua anachokipima: upande mmoja mzee asiyemjua, upande mwingine Sabah.

"Haji," alisema, "tulisoma Fatiha ya kuuza nyumba. Hatukusoma ya kuvunja wazee."

Akampiga Hanash.

Ilikuwa ngumi ya seremala. Hanash alirudi hatua tatu, akagonga kabati, akatoa kisu. Palepale Haji Shahata akajikuta ana shughuli mtaa wa pili. Mkandarasi alikimbia na futi yake ikiburuzika nyuma yake. Wale vijana wakamfuata. Hawa ni watu wanaojua kutokuwepo.

Kisu kilipita mkononi mwa Tulba kutoka kiwiko hadi kifundo. Tulba alipiga ukelele, akamshika Hanash kifundo cha mkono, wakaanguka pamoja kwenye vumbi la mbao, wakagaagaa, damu ikachanganyika na vumbi ikawa kama unga uliokandwa. Tulba alimpiga kiwiko cha mdomo. Mara moja. Mara mbili. Kisu kikaponyoka, kikateleza, kikaingia chini ya meza ya kazi.

Tulba akabingirika pembeni, ameshika mkono wake.

Mimi nilikuwa na nyundo. Ile nyundo kubwa ya mti ya kupigia patasi. Sikumbuki niliiokota lini.

Nataka niliseme hili polepole, maana kwa ajili yake ndiyo naandika hadithi hii.

Kisu kilikuwa chini ya meza. Nilikiona. Hanash alikuwa amepiga magoti, mikono mitupu, anatema jino. Nilisoma sheria miaka minne, na mtihani wa mwaka wa tatu ulikuwa na swali hilohilo: haki ya kujitetea inakoma lini? Nilijibu kwamba inakoma hatari inapokoma. Nilipata alama za juu, mama akagawa sharubati mtaa mzima.

Hatari ilikuwa imekoma.

Hanash alininyanyulia uso, akaiona nyundo, akatabasamu kwa mdomo uliopasuka.

"Msomi," alisema.

Nikampiga. La kwanza lilimpata begani, na hapo ningeweza kuacha. Mkono ulishuka, nikaunyanyua tena. Kati ya pigo la kwanza na la pili palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kuvuta pumzi, na niliivuta. La pili lilikuwa la kichwani.

Hakupiga kelele. Alilala kama mtoto aliyelemewa na usingizi.

"Nipe," Tulba alisema.

"Kaka, mimi..."

"Nipe hiyo nyundo, we mjinga, na ufunge domo."

Aliitoa vidoleni mwangu kimoja kimoja, akaushika mpini kwa mkono wake uliokuwa unavuja, akaupaka damu yake wote. Mama alikuwa ameshuka ngazi. Hakulia. Alinikamata kola, akanipeleka kwenye bomba, akaniosha mikono kama nina miaka mitano.

"Ulikuwa juu na mimi," aliniambia sikioni. "Unasikia? Ulikuwa juu unakunywa chai."

Polisi walifika kabla maji hayajakauka. Ofisa aliuliza nani amempiga.

"Mimi," Tulba alisema. "Alinikata, nikampiga. Ndiyo ilivyokuwa."

Ofisa akanigeukia. "Na wewe?"

Hapa ndipo mngependa niandike kwamba nilisema kweli. Hata mimi ningependa.

"Nilikuwa juu," nilisema.

Tulba aliwekwa ndani siku nne kwa uchunguzi. Hanash alipelekwa hospitali, hajitambui. Ami Bayumi alifungwa plasta kuanzia bega. Baba yake Sabah alituma mtu achukue pete ya uchumba waliyompa Tulba, kisha Sabah mwenyewe akatuma mtu mwingine airudishe kwa siri, imefungwa kwenye kitambaa, bila ujumbe.

Siku ya pili Haji Shahata alikuja. Peke yake, kanzu nyeupe, kilo ya machungwa mkononi kama anayekuja kumwona mgonjwa. Mama alikataa kutoka chumbani.

"Kijana wangu bado hajaamka," alisema akikaa bila kukaribishwa. "Daktari anasema huenda akaamka, huenda asiamke. Daktari naye dalali tu, hakuambii bei halisi."

"Haji, umekuja kwa lipi?"

"Kwa kheri. Mpwa wangu aliteleza ngazini kwenu. Ngazi zenu mbovu, mtaa mzima unajua. Vijana wangu watasema hivyo, mkandarasi atasema hivyo, mama yake atasema hivyo, maana mama yake anakula kwangu. Tulba anatoka, anaoa. Wewe na mama mnasaini kwa mkandarasi, kwa bei ile aliyosomea Tulba. Na kamisheni yangu nawasamehe. Mnaona nilivyo?"

Nilimwangalia. Mpwa wake alikuwa kitandani na mrija puani, na yeye alikuwa anauza.

"Amebaki mzee wako tu," aliendelea, akimenya chungwa lake mwenyewe. "Yule alikuwa kalala kizingitini, uso kwa ndani. Aliona kila kitu. Kesho saa nne ameitwa kwa mwendesha mashtaka. Nenda kamnyamazishe kwa heshima, Wagdi. Nikienda mimi, heshima naiacha nyumbani."

Nilikwenda. Alasiri ileile nilipanda ngazi za Ami Bayumi, na ninaona haya kukiri kwamba njiani nilifanya mazoezi ya maneno, kama wakili.

Binti yake alinifungulia. Watoto wanne walinitazama kutoka kwenye godoro moja. Mzee alikuwa dirishani, mkono umening'inia kwenye kitambaa.

"Ami, nimekuja kukuomba unirudishie Fatiha."

"Nimekurudishia," alisema hapohapo. "Muuzieni mnayemtaka. Mungu atatupa pengine."

Sikutegemea liwe jepesi hivyo. Nilishikwa na haya hadi masikioni.

"Kuna jambo la pili."

"La pili sina."

"Ami, kila mtu atasema aliteleza. Kila mtu! Ukisema na wewe, kaka yangu anatoka kesho. Hajafanya kosa. Wewe mwenyewe unajua hajafanya kosa."

"Najua."

"Basi ukimtoa asiye na kosa, kuna dhambi gani?"

Binti yake aliweka chai, akawatoa watoto chumbani.

"Watanishikisha Msahafu, Wagdi. Mkono mmoja umeshavunjika kwa ajili ya neno langu. Unataka nivunje na huu uliobaki?" Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. "Nilikuwa nimelala pale, siwezi kugeuka. Nilimwona kaka yako akibingirika pembeni. Nilikiona kisu kikiingia chini ya meza. Nikamwona mtu mwingine amesimama."

"Nilikuwa nakutetea wewe!"

"La kwanza, labda," alisema. "Nilihesabu mawili."

Niliinamisha kichwa. Nje watoto walikuwa wanagombea kitu, mmoja analia.

"Mimi si mkimbiaji," Ami Bayumi alisema. "Umri huu, na plasta hii, kutoka hapa hadi ofisi ile ni safari. Wanafungua saa tatu. Mimi nimeitwa saa nne. Sitafika hata dakika moja kabla." Akasogeza glasi ya chai kuelekea kwangu. "Kunywa. Kisha nenda."

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye korido ya mwendesha mashtaka saa mbili na nusu, kabla hata ya mfagizi. Benchi la chuma, mlango wa kijani, saa ukutani.

Saa tatu mlango ulifunguliwa. Sikusimama.

Saa tatu na robo alipita mwanamke na faili. Nilijiambia nitaingia akitoka. Akatoka.

Saa tatu na nusu nilikwenda chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye benchi lilelile.

Saa nne kasoro dakika kumi simu ilitetemeka mfukoni. Mama.

"Uko wapi?"

"Nje, mama. Natembea tu."

"Muongo." Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. "Rudi nyumbani. Kijana amefariki alfajiri. Mtaa umejaa watu, mama yake analia barabarani."

Nilishika ukingo wa benchi.

"Wagdi? Unanisikia? Sasa si kupiga tena, sasa ni kuua. Tulba ameambiwa. Amesema maneno yake ni yaleyale, hayabadiliki, na amesema nikuambie usithubutu." Sauti yake ikakatika, ikarudi ndogo kabisa. "Nilizaa wawili. Niachie mmoja."

"Mama..."

"Niachie mmoja, mwanangu."

Mlango wa kijani ulifunguliwa. Karani alitoa kichwa, miwani puani, akasoma kwenye karatasi.

"Kuna mtu wa kesi ya Abdulmuizz Ragab Subhi, miaka ishirini na miwili?"

Niliangalia nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hilo ndilo jina lake. Miaka yote mtaani sikuwahi kumwita jina jingine ila Hanash. Na alikuwa mdogo kwangu kwa miaka miwili.

Mama alikuwa bado ananiita kwenye simu. Nilisimama.

Karani alinitazama juu ya miwani, kuanzia viatu hadi uso.

"Na wewe," aliuliza, "ni nani kwake?"